Lugano Karudishwa Isongole

Kijiwe chetu cha Ibighi kiko ubavuni mwa duka la Hamis: ubao mmoja juu ya matofali, bati juu, na mvua ya Tukuyu inayomlowesha hata aliyejificha. Mwenye birika la kahawa ni mama yangu. Juzi alikuwa na homa, nikashika zamu. Nilikuta watatu: Hamis mwenyewe, Ackson tunayemwita Wakili, ingawa sheria kaisikia redioni, na Amoni muuza miche ya parachichi, jina la kijiwe Kitalu. Waliyekuwa wakimjadili ni Lugano, msichana wa miaka kumi na mmoja. Miaka minne alilelewa na Mama Esnath, jirani yetu, kwa utaratibu wa malezi ya kambo. Jumatatu ustawi wa jamii walimrudisha kwa baba yake mdogo, kule Isongole.

Wakili: Ndivyo inavyotakiwa. Mtoto ana ukoo. Malezi ya kambo ni ya muda tu.

Kitalu: Miaka minne ndiyo muda? Mche ukikaa kitaluni miaka minne, huo unaong'oa ni mti!

Wakili: Lugano siyo parachichi.

Kitalu: Parachichi kabisa, tena la kubebesha, kikonyo cha mti mmoja juu ya shina la mwingine! Shina Isongole, kikonyo Ibighi. Ukitenganisha, vyote vinakauka.

Hamis: Sisi Waislamu tunalea yatima, lakini ukoo wao hatuufuti. Kosa la Mama Esnath, kamzoesha kumwita mama.

Mimi: Angemwitaje? Afisa?

Hamis: Binti, mimina kahawa.

Mimi: Namimina huku nasema. Huyo baba mdogo miaka yote minne alikuwa wapi?

Wakili: Alikuwa anajipanga.

Mimi: Anajipanga kujenga ghorofa?

Wakili: Wasomi mna hasira! Mtoto wa nyumba mbili akikua hasikii la mtu. Hata mbwa wa kwao wanamsahau.

Kitalu: Na damu inabadilika! Kule Matwebe yuko kijana kafanana na mama wa kambo mpaka mwanya.

Hamis: Kwa kula ugali wake!

Tukacheka. Ndiyo, hata mimi. Chuoni niliwahi kushinda mdahalo wa mada hii hii, nikapigiwa makofi ukumbi mzima.

Kicheko kilikatika Mama Esnath alipoingia chini ya bati, mwamvuli umepinda, mfuko kwapani.

— Karibu kahawa, mama.

— Ndaga, asante, mwanangu. Sikai.

Akatoa sweta la shule la kufuma, la kijani, akamgeukia Ackson.

— Wakili, nisaidie. Wameniambia nisimtembelee miezi mitatu, azoee kwao. Nimekubali. Lakini Isongole kuna baridi. Nikimpa bodaboda ampelekee hili, nitakuwa nimekosea?

Wakili akachungulia kikombe chake. Hamis akaingia dukani, na mteja hakuwepo. Kitalu akajifanya anakung'uta matope ya viatu. Mimi nilifungua mdomo. Hoja zilikuwapo, tena nyingi, ila hakuna hata moja iliyokuwa ya kumwambia yeye.

— Labda usubiri kidogo, Wakili akasema.

— Baridi itasubiri?

Nikalipokea sweta ili nipate pa kuweka mikono. Lingenitosha mimi.

— Mbona kubwa hivi, mama?

— Nililianza akiwa bado kwangu. Nikapima la kumfikisha darasa la saba.