Mwalimu Rebeccah na Saini ya Walimu Mia Nne

Wasikilizaji wapendwa, nianze na uvumi. Niliusikia Silibwet, hapa kwetu Bomet, kwa foleni ya kituo cha majani chai. Mama mmoja alisema Mwalimu Rebeccah Chepngeno aliuza walimu wenzake kwa jeshi la kigeni. Nikamwambia aache mdomo. Lakini nikiosha vyombo, uvumi uko. Nikiingia studio, uko. Sasa Mwalimu hayuko tena. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka hamsini na mbili. Mimi Mama Adongo nilienda kwao kuuliza, kwa sababu nina jambo langu. Mtalisikia.

Ndugu yake Kipyegon alipiga paja. "Rebeccah auze watu? Huyo tulimtuma soko la Sotik na kuku sita, akarudi nao wote sita. Eti wanunuzi walikuwa na macho mabaya!"

Tukacheka, hata na msiba. Kisha akasema: "Hakuuza, Mama Adongo. Alisaini."

Basi sikilizeni vizuri. Mwalimu Rebeccah alifundisha shule ya msingi hapa kwetu miaka kumi na saba. Halafu watu wakaja Kericho kutafuta walimu. Kuna nchi ya mbali ilishindwa vita. Sitaitaja, familia imeniomba. Jeshi lililoishinda ndilo lilikuwa linaitawala, na lilitaka kufufua shule. Nauli walilipa. Nyumba walitoa. Hapo masikio yangu husimama. Mtu akikulipia kila kitu, anataka nini?

Rebeccah alienda, akapewa meza kwa ofisi ya elimu ya wilaya moja. Mkubwa wake alikuwa afisa wa jeshi, mpole sana, anakumiminia chai mwenyewe. Siku moja akamuuliza: walimu mia nne hapa walikuwa wanachama wa chama cha serikali iliyoanguka. Tuwaondoe kidogo kidogo ama wote pamoja?

Rebeccah ni mtoto wa chai. Akamweleza vile chai hupogolewa huku kwetu: ikizeeka unaikata mpaka kwa goti, na inachipuka upya. Afisa akafurahi. Akaandika ubaoni. "Hayo ni maneno ya mwalimu wa kweli. Niandikie hilo kama pendekezo, uweke saini."

Akaweka. Nasema tena: akaweka saini. Hebu jiulizeni. Jeshi zima, lenye vifaru, lilikuwa linatafutia nini saini ya mwalimu wa kutoka Silibwet?

Jumatatu walimu mia nne hawakuingia darasani. Mmoja, mama wa makamo, alikuja ofisini na rejista ya darasa la pili. Hakupiga kelele. Aliifungua mezani, akasema kupitia mkalimani: "Huyu hasikii vizuri, mkalishe mbele. Huyu akianza kukohoa, mrudishe nyumbani. Sasa nani atawaita majina?" Rebeccah hakuwa na mtu wa kumpa ile rejista.

Alimpigia simu mama yake, Mama Janeffer, ambaye anachuma majani mpaka leo. Mama huyu alinisimulia akiwa wima, kikapu mgongoni: "Nikamwambia, wee Rebeccah, mwaka gani uliona nimepogoa shamba lote? Si napogoa kipande, kingine tunachuma? Tungekula nini?"

Hilo kila mtoto wa Bomet analijua. Rebeccah alilijua. Hakulisema kwa sababu hakuulizwa, na sifa zilikuwa tamu.

Alikimbia kwa afisa: rudisheni hata nusu. Afisa, bado mpole, akafungua faili. "Mwalimu, hili ni pendekezo lako." Wazazi walipoandamana, waliambiwa ni mwalimu mgeni aliyeamua. Shule kumi na moja zilifungwa mwaka mzima. Rebeccah aliacha kazi, akarudi nyumbani. Watu walipomsengenya hakujitetea.

Sasa jambo langu. Watu wa kutafuta walimu wako tena Kericho, kwa hoteli. Vita ni vingine, maneno ni yale yale. Binti yangu Adongo, mwalimu aliyekaa miaka minne bila kuajiriwa, amechukua fomu yao. Mwezi uliopita alimwendea Mwalimu kwa kitanda cha ugonjwa. Nilitegemea atamkataza. Alimwambia hivi: "Watoto wa kule wanahitaji mwalimu, hiyo si uongo. Nenda ukafundishe. Lakini wakikusifu kuliko kazi uliyofanya, ficha kalamu."

Adongo, najua unasikiliza. Mahojiano yako ni kesho saa tatu asubuhi. Mimi ningekufungia mlango, lakini wewe ni mtu mzima. Nimeishia darasa la saba, lakini hata mimi naogopa ile karatasi watakayokupa usaini.

Kwa Mama Janeffer, kwa Kipyegon na kwa wote waliofundishwa naye: poleni sana, Mungu awashike. Sisi wengine tufikirie kabla ya kumhukumu. Na nyinyi mnaotaka kwenda kufundisha nchi iliyoshindwa, nimeandika haya kwa daftari:

Usisaini karatasi ukiwa na haraka ya mtu mwingine.

Usimwachie mwajiri nakala yako ya mkataba.

Usimweleze mgeni nusu ya kitu unachokijua chote.

Usimfukuze mwalimu kabla hujamwona atakayeshika chaki yake.

Usikae ofisini kama kuna darasa halina mtu.