Noa Semdoe na Nduaro wa Ushongo

Ndugu waombolezaji, mliokusanyika hapa Mabawa leo, Jumatatu tarehe 18 Oktoba 1993, tunawaomba utulivu, maana maisha ya Noa Semdoe hayakuwa marefu, na mjane wake Elizabeti ametaka yasomwe yote, bila kufichwa kitu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Maramba, mtoto wa tatu wa mzee Yona Semdoe, akasoma hapo hapo hadi darasa la saba, kisha mwaka 1968 akashuka mjini Tanga, akaishi hapa Mabawa na kuajiriwa katika kiwanda cha kamba za katani, akakitumikia hadi mwaka 1986, kiwanda kilipokosa vipuri, kikakosa umeme, mwishowe kikakosa hata haya ya kuwaaga wafanyakazi wake. Tarehe 12 Julai 1975 alifunga ndoa na Elizabeti, wakajaliwa watoto watatu, nao wako mbele yenu.

Kazi ilipokwisha familia ilihamia Ushongo, Noa akawa mvuvi wa mshipi, ule ambao mtu huuzungusha kiganjani ili samaki asimponyoke, na mwaka 1991, wageni walipoanza kuruhusiwa kuja kuvua kwa kujifurahisha, Bwana Hisham, mwenye kambi ya wageni hao, alimchukua katika boti yake pamoja na Miraji, mdogo wa marehemu. Uvuvi huo una sheria zake, mgeni lazima amvute samaki kwa fimbo yake mwenyewe ya kuvulia, mwingine akiigusa fimbo hiyo, samaki hahesabiwi, ila samaki akifika ubavuni mwa boti mtu wa kambi huushika waya wa mwisho, ule unaounganisha mshipi na ndoana, na ukikatwa, mgeni amekosa. Noa ndiye aliyepewa waya, na hakuna aliyemwambia kwamba waya hauzungushwi kiganjani.

Marehemu hakuugua. Jumamosi tarehe 16 Oktoba mgeni alinasa nduaro, yule samaki mwenye mdomo kama mkuki, mrefu kupita watu wawili, Noa akaushika waya, akauzungusha kama alivyozoea, samaki akakurupuka, waya ukamkaba mkono na kumtoa nje ya boti hadi kiunoni, kichwa majini. Miraji alimdaka mguu kwa mkono mmoja, mkono wa pili una plaizi, na waya anaufikia. Bwana Hisham akamzuia, akamwambia, "Usikate, Miraji, mshikilie tu, samaki kachoka huyu." Miraji alitii, maana amezoea kutii, na samaki hakuwa amechoka. Mgeni aliendelea kukunja mshipi wake, akawaleta juu wote wawili, samaki na mtu.

Boti ilirudi imepandisha bendera nyekundu, kama ilivyo desturi wakipata samaki mkubwa, Elizabeti akaiona, akafurahi, akateremka pwani na jirani yake Mwamvua, huku akijisifia mumewe. Alikuta nduaro ametundikwa kwenye mizani, mgeni anapigwa picha. Alipouliza Noa yuko wapi aliambiwa asubiri kidogo, wamalize kwanza kupima. Noa alikuwa ndani ya boti, chini ya turubai, na alisubiri naye.

Familia inawashukuru madaktari wa Pangani, ambao hawakuwa na la kufanya lakini walimfunika kwa heshima, majirani wa Ushongo waliomsindikiza usiku kucha, majirani wa Mabawa waliofunga maturubai na kuteka maji, na wenzake wa kiwandani waliochimba kaburi. Familia inamshukuru pia Bwana Hisham, aliyekaa pale mbele, kwa samaki aliyeletwa jana na gari la kambi, amekatwakatwa na kuwekwa barafu, akina mama wakampika kwa nazi na sote tukala tukasifu. Elizabeti aliuliza leo asubuhi ni samaki gani, dereva akamjibu bila kusita. Ndiye nduaro huyo. Ameomba mjue kabla hatujanyanyua jeneza, kwa sababu naye alikula.

Lala salama, Noa.