Mama Séraphine, Mtu Mtulivu Kuliko Sisi Wote

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mama Séraphine Bulonza anastaafu kutoka kituo chetu cha afya ya akili, mtaani Himbi. Hupima mawimbi ya ubongo ya watu waliozidiwa na wasiwasi. Huwavisha kofia ya waya, huwaambia wafumbe macho na kutulia, kisha mashine huchora jinsi walivyoshindwa.

Mashine ya kwanza ilikuwa na wasiwasi kuliko wagonjwa. Umeme ukiyumba, ilichora milima yote ya Virunga, na Mama akaomba radhi kwa niaba ya umeme.

Kisha Docteur Honoré akaanzisha utafiti. Alitaka kulinganisha wagonjwa na watu wasio na wasiwasi. Kuwapata hao mjini Goma kulichukua muda mrefu kuliko utafiti wenyewe. Mwishowe sote tukamtaja Mama Séraphine: risasi zikilia, yeye huuliza nani anataka chai.

Akavaa kofia, akafumba macho. Tulingoja mawimbi ya polepole ya mtu aliyetulia. Yake yakaenda mbio, yamesongamana. Docteur akasafisha waya, akazima mashine, akaiwasha tena.

“Iache, Docteur. Mashine iko muzima. Ni mimi silalake muzuri tangu volkano.”

Hakusema volkano ipi, na mlima wetu umelipuka zaidi ya mara moja. Miaka yote tulimletea hofu zetu bila kujiuliza yeye anapeleka wapi zake. Docteur alieleza kwamba mchoro peke yake hauthibitishi ugonjwa. Mazungumzo yao marefu ndiyo yaliyothibitisha. Wiki iliyofuata Mama akaketi kwenye kikundi cha wagonjwa, kama mgonjwa.

Hapo ndipo alipofika Papa Ridhwani, dereva wa abiria wa njia ya Rutshuru. Kifua kilimbana kila alipokaribia kizuizi cha barabarani, akawa karibu kuacha kazi ya udereva. Alipoiona kofia, akageukia mlango.

“Mama, watu watasema niko kichaa.”

Mama akamfungulia mchoro wake mwenyewe. “Angalia, papa. Mawimbi haya ni ya kwangu. Na leo asubuhi nimekuya ku kazi.”

Papa Ridhwani akautazama mchoro, akakaa. Leo bado anaendesha. Kifua kikianza, husimama kando na kupumua alivyofundishwa, abiria wakinung’unika.

Utafiti umekamilika. Mama amehamishiwa upande wa wenye wasiwasi, ambako, anasema, amekuta nusu ya wafanyakazi wetu.

Sasa anakwenda kupumzika nyumbani kwake, mtaani Katoyi. Asante, Mama Séraphine. Tunakuombea usingizi mnono, na tukikupigia simu kukueleza wasiwasi wetu, tafadhali usipokee.