Ugonjwa Unaofuata Jina

Benchi la mbele ya duka la Maliro, hapa Bungulu mjini Beni, lina nafasi ya watu watatu na mabishano ya kumi. Maliro hutengeneza redio, wakamwita Courant, yaani umeme. Syauswa huuza dawa za mbuzi, wakamwita Docteur. Asubuhi hiyo Éphraïm aliketi katikati yao, kahawa mkononi, karatasi ya hospitali gotini. Binti yake alikuwa ameanguka akikimbia; saa nne daktari angempima moyo na kuchukua damu ya utafiti. Baba alipaswa kutia sahihi, lakini tangu alfajiri alikuwa hajapata kalamu ya kumridhisha.

— Soma tena, akasema Courant.

— Banatoa damu kidogo. Kule maabara banarudisha seli zake kuwa changa, kisha banazikuza kuwa seli za neva.

— Neva? Mais moyo ndio iko mugonjwa.

— Neva ndio zinaambia moyo ikimbie. Banataka kuona kama zinaiambia mubaya.

— Voilà, ni fil tu, waya imelegea. Uniletee mutoto, niko na tournevis ya kuikaza.

— Weye uliua redio ya padri kule paroisse, akasema Docteur.

— Ilikufa yenyewe.

— Éphraïm, shangazi ya mutoto, ule alikufa akicheza ku ndoa, aliitwa nani? akauliza Docteur.

— Kavugho.

— Na huyu mutoto?

— Kavugho.

— Donc ugonjwa inafuata jina.

Kwa Wanande jina hutolewa kwa zamu ya kuzaliwa. Akina Kavugho wamejaa kila mtaa.

— Basi nusu ya Beni ingekuwa chini, akasema Courant.

— Iko njiani. Mubadilishe jina tu. Hata zile neva za maabara zitatulia.

Éphraïm alicheka kidogo. Wazo lilimpendeza: ugonjwa unaopita kwenye majina ya wasichana humruka baba. Hakuna aliyejua kwamba mwaka jana, kule Kamango, alianguka katika shamba lake la kakao, akaamka sisimizi wakimtembea shavuni.

Madame Ngalula, mwalimu aliyetumwa juzi kutoka Kasaï, alikuwa amesimama akingoja redio yake, daftari kwapani.

— Munisamehe, ba papa. Ule shangazi alikuwa dada ya nani?

— Ya huyu, akasema Docteur, akimwonyesha Éphraïm.

— Sasa Papa Éphraïm, weye balikupima lini?

Docteur akachungulia kikombe chake. Courant akapuliza vumbi kwenye redio isiyo na vumbi.

— Madame, akasema Éphraïm, niazime bic yako.

Akatia sahihi pale gotini. Kisha, kwenye mstari wa watakaopimwa, chini ya jina la Kavugho, akaandika lake.