Uso Uliokaa Kati ya Nyota

Poleni na kazi za mchana, ndugu zangu. Mlio kule mlangoni sogeeni mbele, viti vipo, na mimi sina sauti ya mwalimu wa kwaya. Karibu mwaka mzima nimekuja kwenye hiki kikundi chetu cha wafiwa nikakaa pale kona, nakunywa chai yenu bila kusema neno. Leo nimeamua kusimama. Majina sitataja, hata la marehemu, mtanisamehe.

Wengi mnanijua kama yule Mchaga wa darubini. Nafanya kazi kwenye kambi moja ya wageni kule juu, ukingoni mwa kreta. Mgeni mmoja alituachia darubini kubwa na kamera ndogo ya kufunga nyuma yake, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea kompyuta, nikakabidhiwa. Wageni wakishakula, nawaonyesha nyota kwenye skrini ya laptop.

Sasa naeleza kidogo, msisinzie. Kamera ikitazama angani, picha moja peke yake haina maana, ni giza na chenga tu. Lakini ile programu ya kamera ilikubali uiandikie maagizo yako mwenyewe, na kila picha inapoingia inapita kwenye maagizo hayo palepale, kabla mtu hajaiona. Nikaandika hivi: jumlisha picha mpya na zilizotangulia, ondoa madoa ya kamera, halafu vuta mwanga wa kila kilichofifia. Dakika tano tu, mawingu ya nyota yanajitokeza yenyewe na wageni wanashangilia kama wamemwona chui. Nilikuwa na majivuno sana, nawaambia ukweli. Maagizo hayo niliyaandika nyumbani Ganako, hapa Karatu, kwenye meza ya chakula, mke wangu akilalamika kwamba sufuria zake hazina pa kukaa.

Mke wangu aliugua siku nne. Siku ya tano nikawa natafuta gari la kusafirisha mwili. Tukamzika Rombo, kwenye kihamba cha baba yangu, shamba la migomba la ukoo, kama desturi yetu ilivyo. Binti yetu wa miaka mitano akabaki hukohuko kwa bibi yake mzaa mama, nikaahidi kumfuata baada ya wiki mbili. Nikarudi Karatu peke yangu, mahali ambapo sikuwa hata na kaburi la kwenda kukaa.

Usiku wa kwanza kazini wageni walikuwa sita. Nikaelekeza darubini, nikawasha maagizo yangu. Dakika ya kwanza, nyota. Dakika ya tatu nikaona kitu kingine nyuma ya nyota, kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Mwanga ulipozidi kuvutwa, nikaona paji la uso, kisha mashavu. Ulikuwa uso wa mke wangu. Mmeshawahi kushika filamu ya picha za studio mkaitazama kwenye mwanga? Ulikuwa hivyo: ngozi nyeupe, meno meusi, na kilemba chake cheupe kimekuwa cheusi kuliko anga lenyewe. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikadhani nimechanganyikiwa. Lakini bibi mmoja wa Kizungu aliinamia skrini, akauliza kwa upole, "Huyu mwanamke ni nani?"

Nikasema ni hitilafu ya mitambo. Nikafunga laptop, wageni nikawapeleka kwenye mahema yao. Halafu nikarudi nikaifungua tena.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa hovyo. Wageni wakilala nabaki na darubini mpaka betri iishe. Nilielekeza kaskazini, yupo. Kusini, yupo. Nilikuwa nazungumza naye, sioni haya kuwaambia. Namweleza habari za siku, namuuliza kama anasikia baridi. Mchana nalala, meneja ananifokea, mimi nalisubiri jua lizame.

Wiki mbili zikawa miezi miwili. Mama mkwe akanipigia simu. Mtandao kule juu ni wa kubahatisha, nikapanda kwenye jiwe.

"Baba, unakuja lini kumchukua mtoto?"

"Mwisho wa mwezi, mama. Kazi imebana."

"Ulisema hivyo mwezi uliopita. Mimi simfukuzi, huyu ni damu yangu. Ila nakwambia ujue: wiki za kwanza alikuwa anakuulizia kila siku. Sasa ameacha. Shule ikifunguliwa nitamwandikisha hapa, na ndipo atakapokulia."

Ndugu zangu, mtu mwenye akili zake angepanda basi asubuhi yake. Mimi nilijiambia kitu kimoja tu: nikiondoka siku tatu, mke wangu atamtazama nani? Kwa sababu nilikuwa nimeanza kuona anafifia. Kila wiki uso ulikuwa umepungua kidogo, kama mtu anayerudi nyuma hatua moja moja bila kugeuka. Nikaogopa anaondoka. Kwa hiyo nikawa nakesha zaidi, nimshikilie.

Ukaja usiku wa ukungu. Mnaujua ukungu wa kule, hata mkono wako huuoni. Hakuna nyota, wageni wamelala, nyati wanakula majani karibu yetu tunawasikia wakipumua. Mimi niko kwenye skrini, naye yupo, hafifu, ananitazama. Mlinzi wetu, mzee wa Kimaasai wa Soitsambu, akaniletea chai. Akasimama nyuma yangu. Halafu akaizunguka darubini kwa tochi.

"Fundi," akasema, "hiki kifuniko hujakitoa."

Nikapapasa. Kweli, kifuniko kilikuwa kimebana mdomo wa darubini. Hata tone la mwanga lisingeweza kupita. Tukarudi wote wawili kwenye skrini. Bado alikuwepo.

Mzee akavuta shuka lake begani. "Basi huyu hayuko juu," akasema. "Yuko humu ndani, na wewe."

Miezi miwili sikuwahi kumwogopa mke wangu, usiku ule nilimwogopa. Nilitaka kukimbia, na nyati walikuwa pale nje. Mzee akafunga laptop kwa mkono wake mwenyewe, akakaa na mimi jikoni mpaka kukapambazuka. Akaniambia, "Kitu unachokiangalia usiku tu hukijui. Kifungue mchana."

Nikakifungua mchana, jua likiwaka. Nikasoma maagizo yangu mstari kwa mstari, na pale kwenye kuondoa madoa nikasimama. Niliandika kwamba mashine ijifunze madoa yenyewe: chochote kinachokaa bila kusogea mbele ya kamera, ikihesabu ni doa, ikiandike kwenye faili, na ikitoe kwenye kila picha. Na faili hilo liendelee kujirekebisha kidogo kidogo kila usiku.

Ndipo nikakumbuka. Kipande hicho cha kujifunza nilikiongeza mwisho, wageni wakiwa wameshazoea nyota zangu; siku ya kukijaribu nilishuka na kamera nyumbani, na pale sikuwa na nyota. Niliifungia kamera lenzi ndogo nikamkalisha mke wangu mbele ya meza. Nikamwambia, usisogee, usifumbe mdomo, nataka kuona inavyofanya kazi. Akatulia, kilemba chake kichwani, akijizuia kucheka. Faili lile nilikusudia kulifuta kesho yake. Kesho yake akaanza homa.

Mashine ilimwandika mke wangu kuwa doa, ikawa inamtoa kwenye kila anga nililolifungua. Kilichong'aa zaidi usoni ndicho kilichotolewa zaidi, ndiyo maana alikuja mweupe na meno meusi. Na kufifia kule, ndugu zangu, sikuwa namshikilia. Kila usiku niliowasha ili nimwone, picha za usiku huo zilikuwa zinamfunika. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namfuta.

Nililia pale mezani mpaka mpishi akaja. Nilikuwa na njia mbili: kulihifadhi faili na kilichobaki cha uso wake, au kulifuta. Nikabana kifuniko, nikaifundisha kamera giza tupu, nikalifuta. Kisha nikaomba ruhusa nikapanda basi.

Rombo binti yangu alijificha nyuma ya gauni la bibi yake. Alinitazama kama mgeni. Ilimchukua siku mbili kukubali kukaa karibu yangu, na hilo liliniuma kuliko msiba wenyewe.

Namshukuru yule mzee, ambaye hajui kusoma kompyuta na ndiye aliyeisoma. Namshukuru mama mkwe kwa kuniambia ukweli bila kunipaka mafuta. Nawashukuru nyinyi kwa chai, na kwa kutoniuliza. Ninachowaombeni ni hiki: mkiwa na kitu cha marehemu mnachokitazama peke yenu, mwiteni mtu mmoja akitazame pamoja nanyi.

Binti yangu sasa anasoma hapahapa Ganako. Mwezi uliopita nilimpandisha kambini, nikamwashia darubini. Nyota zikajaa skrini, safi, hakuna kingine. Akatafuta sana, kidole kwenye kioo.

"Baba, mama yuko wapi hapa?"

"Hapa hayupo," nikamwambia. "Yuko Rombo. Desemba tunaenda wote wawili."