Mashuka Yasiyoisha Harufu

Gari la Bagamoyo lilikuwa limeiacha Msata nyuma kidogo tu pale mama mmoja, kiti cha mbele yangu, alipogusa furushi la jirani yake.

"Samahani, dada. Si wewe uliyemuuzia mdogo wangu mashuka ya kunukia, pale Kiwangwa?"

"Ndiyo, ni mimi, naitwa Scola. Yamechakaa?"

"Afadhali yangechakaa. Mumewe amefariki, yumo kwenye eda, manukato hayagusi. Mawifi wananusa, wanasema ameshaanza kujipamba. Mashuka mengine hana. Tumeyafua mara kumi na moja, tunasugua hadi vidole vinachubuka."

Scola alishusha pumzi. "Poleni sana, mama. Ile harufu imo ndani ya chembe ndogo mno, jicho haliwezi kuziona, zimeshikizwa kwenye nyuzi. Mkisugua zinapasuka, ndipo harufu inatoka."

Nilisoma kemia darasa la jioni nikiwa tayari na wajukuu, kwa hiyo nilitikisa kichwa kuthibitisha. Hakuna aliyeniuliza.

"Kumbe sisi ndio tunaomnukisha?"

"Mngeyaacha tu bila kuyasugua."

"Mtu anayalalia! Miezi minne na siku kumi asijigeuze?"

Gari lilisimama Kiwangwa. Yule mama aliteremka kwa uchovu, akabaki ameushikilia mlango.

"Teremka basi, dada. Hayo ya chembe njoo uwaeleze mawifi mwenyewe."

Kondakta akagonga bati. Scola alilitazama furushi lake, kisha akageuka kunitazama mimi. Nami, niliyekuwa nangoja kuulizwa tangu Msata, nikatazama nje.