Muteti Mbuvi, Fundi Aliyetaka Kila Kituo Kizungumze na Kila Setilaiti

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Kalekye, dada yake Muteti anayemfuata. Evalyne, mke wake, ameniomba niyaandike maisha ya kaka yangu bila kuyapamba, kwa sababu yeye mwenyewe hakuvumilia karatasi yenye makosa. Nimejaribu. Pale sauti itakaponikataa, Bedan, aliyefanya kazi naye miaka kumi na mmoja, atanishikia karatasi na kuendelea.

Muteti Mbuvi Kaloki alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Kajiado. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Mbuvi Kaloki na Mama Kalunde, ambaye tumeketi naye hapa mbele. Wazazi wetu walikuwa wametoka Mbooni kutafuta kazi. Baba aliajiriwa stesheni, na kazi yake ilikuwa kupiga simu stesheni iliyofuata kabla ya kuruhusu treni ya magadi iingie kwenye reli. Aliyepokea ujumbe alitakiwa kuurudia wote, neno kwa neno, ndipo treni iondoke. Baba alileta sheria hiyo mpaka jikoni. Ukitumwa dukani unarudia: "Chumvi nusu kilo, kwa Siyad, nirudi kabla ya saa kumi." Sisi wengine tuliona ni usumbufu. Muteti aliipenda, na akikukuta umerudia vibaya alikuwa anakurudisha mwanzo.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini kuanzia 1964 hadi 1970, kisha akaenda sekondari Machakos, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1974 na cha sita mwaka wa 1976. Mwaka wa 1980 alipata diploma ya mawasiliano ya simu na redio jijini Nairobi. Barua zake za wakati huo bado ninazo. Karibu zote zinahusu masafa na antena, na chini kabisa kuna mstari mmoja wa kuuliza kama mama anaendelea vizuri na mguu.

Kuanzia 1981 alikuwa fundi wa laini za simu upande wa Loitokitok na Illasit. Huko ndiko alikompata Evalyne Ndinda, muuguzi, aliyemfunga bandeji baada ya kuanguka kutoka kwenye nguzo. Walifunga ndoa kanisani hapa Kajiado Jumamosi tarehe 18 Agosti 1984, na wakabarikiwa watoto wawili, Mbuvi na Mumbua. Mwaka wa 1993 walihamia kwenye ploti yao Kitengela, wakati punda milia walikuwa bado wanalala nyuma ya ua. Kwa kuwa wote wawili walifanya kazi za zamu, waliachiana vikaratasi kwenye mlango wa jikoni, na Muteti alisisitiza kila kikaratasi kiwe na namba. Ukisoma cha saba na hukuona cha sita, unajua kuna ujumbe umepotea, unauliza. Evalyne alivihifadhi vingi. Kimoja cha kwake kinasema: "Namba 12: maziwa hakuna." Kinachofuata: "Namba 13: na wewe pia hakuna, wiki ya pili sasa." Muteti alimjibu: "Namba 12 na 13 zimefika. Naomba msamaha kwa zote mbili."

Hiyo namba ndiyo iliyokuwa kazi ya maisha yake, na ningependa mwielewe, maana wengi mmekuwa mkimuuliza Evalyne ni nini hasa mume wake alikuwa akiandika.

Mwaka wa 1988 Muteti aliajiriwa katika Kituo cha Setilaiti cha Oloibor, ng'ambo ya Isinya, pale palipokuwa na sahani kubwa nyeupe iliyoonekana kutoka barabarani. Kazi yao ilikuwa kupokea data kutoka vyombo vinavyopita angani. Shida ilikuwa kwamba kila mwenye chombo alikuwa na namna yake ya kupanga data na ya kutuma amri. Chombo kipya kikija, kinakuja na kabati lake la mitambo, na kabati la huyu halisaidii chombo cha yule. Muteti alianza kuuliza kwa nini wote wasikubaliane. Kila kifurushi cha data kianze kwa maandishi yale yale: kimetoka chombo gani, ni cha ngapi, kina urefu gani, na amri nazo zifungwe kwa namna moja, ili kituo chochote duniani kiweze kuzungumza na chombo chochote. Mwaka wa 1992 aliandika pendekezo la kurasa arobaini na moja. Mkurugenzi wa wakati huo alilisoma akamwambia, "Muteti, wewe ni fundi. Viwango vinatengenezwa na wenye setilaiti."

Mojawapo ya vyombo walivyohudumia ilikuwa setilaiti ndogo iliyoitwa Nyasi-1, iliyorushwa mwaka wa 1996 na muungano wa vyuo vikuu vya nje. Ilipiga picha za malisho. Oloibor ilipokea picha tu. Amri zilitumwa kutoka kituo cha wenyewe, Ulaya ya kaskazini. Muteti alikuwa akichapa nakala ya picha za wilaya yetu na kumpelekea rafiki yake Parmuat, mfugaji wa Bisil, siku ya soko. Parmuat aliigeuza karatasi, akaonyeshwa palipo na kijani, akahamisha ng'ombe. Mwanzoni alicheka. Baada ya msimu mmoja wazee wengine wa Bisil walikuwa wakimngoja Muteti pamoja naye.

Jumanne tarehe 9 Machi 1999, saa tatu asubuhi, simu ililia Oloibor. Aliyepiga alikuwa mwanamke kutoka kwa wenye Nyasi-1. Alisema chombo kimegeuka, mabawa yake hayatazami jua, betri inaisha, na hakitapita juu ya kituo chao kabla haijaisha. Kitapita juu ya Oloibor saa nne na dakika arobaini na mbili, kwa dakika kumi na moja. Aliomba wakitumie amri moja tu, ya kukigeuza.

Antena ilikuwepo. Nguvu za kutuma zilikuwepo. Watu walikuwepo. Lakini mtambo wa kutuma amri wa Oloibor ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya vyombo vya kampuni nyingine, na kila amri iliyopita ndani yake uliifunga kwa namna ya kampuni hiyo. Hakukuwa na njia ya kuuzuia. Amri ilikuja kwa faksi, Muteti akaisoma kwa sauti, Bedan akaiandika na kuirudia. Walijaribu kuipanga ili ile nyongeza ya mtambo isiiharibu. Chombo kilipochomoza, Muteti alianza kutuma.

Katika data iliyokuwa ikishuka kulikuwa na namba mbili walizozitazama. Moja ilikuwa nguvu ya betri. Nyingine ilikuwa hesabu ya amri ambazo chombo kimezisikia na kuzikataa. Kila alipotuma, hesabu hiyo ilipanda. Moja. Mbili. Tatu. Kilikuwa kinamsikia vizuri kabisa. Hakikuelewa ameandikaje.

"Badilisha mwanzo," Muteti alimwambia Bedan.

"Nimebadilisha."

"Tena."

Yule mwanamke kwenye simu alikuwa anauliza, "Imekubali? Imekubali?" Muteti alimjibu kila mara, "Bado, mama." Chombo kilizama upande wa magharibi hesabu ikiwa thelathini na moja. Saa sita na dakika ishirini, kilipotakiwa kupita tena, walielekeza antena na hakukuwa na kitu. Bedan anasema Muteti hakuondoka kitini mpaka zamu ya jioni ilipoingia, na mwanamke yule alikaa kwenye simu muda mrefu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.

Mnakumbuka ukame uliofuata. Sitaki kusema kwamba picha zingeleta mvua. Lakini Parmuat alihamia upande wa kusini kwa kubahatisha, na upande ule haukuwa na kitu. Mwezi wa Septemba mwaka wa 2000 alikuja Kitengela akiwa na fimbo na shuka tu.

"Sopa, Muteti."

"Ipa. Ng'ombe wako wapi?"

"Niko na tisa." Walikuwa mia moja na arobaini. "Muteti, ile kitu yenu ya juu iliona nini?"

"Haioni tena. Ilikufa mwaka jana, mikononi mwangu."

Parmuat, ambaye Muteti aliwahi kumweleza shida ya vituo na vyombo, akasema, "Mlikosa kuongea lugha moja?"

"Ndiyo."

"Na hiyo ni ngumu?"

"Hapana," kaka yangu alisema. "Hiyo si ngumu."

Evalyne anasema kuanzia siku hiyo Muteti hakucheka kwa moyo tena. Aliandika upya pendekezo lake, safari hii kuhusu jambo moja: kituo cha mwingine kikitaka kuokoa chombo kisicho chake, amri ifungwe vipi. Novemba 2000 alilipiwa nauli kwenda kwenye kikao cha kamati ya kimataifa ya viwango, akapewa dakika ishirini kueleza. Mjumbe mmoja alimuuliza kama anataka dunia nzima ibadilishe mitambo kwa sababu ya asubuhi moja katika kituo kimoja. Muteti alisema ndiyo. Pendekezo lake lilirudi na maoni mia mbili na kumi na mawili kutoka nchi mbalimbali, na alijibu kila moja, kwenye meza ya kulia chakula, kwa karibu mwaka mzima.

Wakati huohuo aliwaonya wakubwa wake kwamba wenye vyombo wameanza kukubaliana, na kituo kisichobadilika kitaachwa. Hawakubadilika. Wateja waliondoka mmoja mmoja. Oloibor ilifungwa tarehe 31 Mei 2002, na watu ishirini na watatu wakaenda nyumbani. Sahani ile ilikatwa vipande kwa gesi na kubebwa na lori la vyuma chakavu. Muteti alienda kutazama. Nilimwambia asiende.

Kiwango kilitoka mwaka wa 2004. Bedan alikichapa kwenye saiba, duka la intaneti, mjini Kitengela akakileta. Muteti alipitisha kidole mstari kwa mstari mpaka akafika sehemu ya sita, akakaa hapo. Ilikuwa kazi yake, maneno machache tu yamebadilishwa. Mbele kulikuwa na orodha ya mashirika yaliyochangia, na Oloibor, kwa kuwa haikuwepo tena, haikuwemo. Nilitaka aandike barua ya kulalamika.

"Kalekye, jina si kitu," alisema. "Wameandika sawa. Tatizo ni kwamba kimekuja wakati sina tena kituo cha kutuma amri yoyote."

Hakuandika tena. Hata vikaratasi vya mlangoni viliisha. Cha mwisho ni namba 2,206, na kinahusu gesi.

Mwanzoni mwa 2006 alianza kushindwa kumeza. Alisema ni asidi, na akanyamaza miezi mitano. Agosti madaktari walipata saratani ya koo la chakula, nayo ilikuwa imeenda mbali. Evalyne aliacha kazi amtunze. Alitiwa mpira wa chakula tumboni, akapigwa miale mara ishirini na tano, akapungua mpaka Mbuvi akawa anambeba peke yake kumpeleka bafuni. Mwezi wa Mei mwaka huu, Pasta Irungu, ambaye yuko hapa na ameruhusu nilisome hili, alimuuliza kama ana amani moyoni. Sauti ilikuwa karibu imeisha, lakini sote tulisikia.

"Sina, Pasta. Na msije mkaandika kwamba nilikuwa nayo."

Pasta alimuuliza anataka tuombe nini. Muteti alisema tuombe, yeye hajui nini. Alifariki nyumbani Kitengela Alhamisi tarehe 21 Juni 2007, saa moja asubuhi, Evalyne na Mumbua wakiwa kando yake. Alikuwa na miaka hamsini.

Tungependa kuwaambia kwamba kuna chombo mahali fulani kilichookolewa kwa maneno ya sehemu ya sita. Bedan ameandikia watu kuuliza. Hajajibiwa.

Muteti ameacha mjane, Evalyne Ndinda; watoto, Mbuvi na Mumbua; dada, Kalekye; na mama yetu, Kalunde, mwenye miaka themanini na mmoja. Miaka ishirini Muteti amekuwa akimwambia mama asiwe na wasiwasi, kwamba siku yake ikifika yeye ndiye atakayesimamia kila kitu, na mama alikuwa amempa nguo atakayozikwa nayo aiweke. Leo asubuhi tukimvisha viatu ameuliza hiyo nguo sasa ampe nani.

Kaka yetu, amani hukuipata huku. Mungu akupe.